KIINGEREZA CHA SEKONDARI: BINTI AKINYAMAZA, MAMA USINYAMAZE (Sehemu ya 6)

Leo naacha chanjo na uzito wa mtoto, naongea kuhusu Kiingereza. Usicheke kwanza. Kwa nesi wa huku kwetu, hili nalo ni suala la afya, na nitakwambia kwa nini.

Juzi hapa Ibadakuli nilipima mtoto wa miezi mitatu. Mama yake bado ni binti kabisa. Nikamuuliza shule aliishia wapi. Akajibu, "Kidato cha pili, nesi. Kiingereza kilinishinda." Tukaongea taratibu, akafunguka. Mwaka mzima alikaa darasani haelewi mwalimu anasema nini. Akaanza kutoroka. Baba akaona shule haina faida. Ng'ombe wakaja.

Maneno kama hayo nimeyasikia mara nyingi pale kwenye benchi. Kwa vijana wa kiume mwisho wake ni machimboni, Geita huko. Sisi tunaona mimba, tunaona ndoa, tunapiga kelele. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na mtoto aliyenyamaza darasani, na nyumbani hakuna aliyejua.

Hebu tazama safari ya mtoto wetu. Nyumbani anaongea Kisukuma. Shuleni anakutana na Kiswahili, maana tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia kwenye shule nyingi za msingi za serikali. Anasoma hivyo miaka saba, na mtihani wa darasa la saba anaufanya kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, Baiolojia ni Kiingereza, Jiografia ni Kiingereza, Hisabati ni Kiingereza. Zile wiki chache za mwanzo za kozi ya Kiingereza zinasaidia, ila haziwezi kuziba pengo la miaka saba. Kwa hiyo mtoto akikwama usimwite mjinga. Hiyo ni lugha yake ya tatu, na anaambiwa atumie hiyo hiyo kujifunzia kila kitu.

Mimi nilipita hapo hapo. Shule niliyosoma, ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako. Kile kibao hakikunifundisha Kiingereza. Kilinifundisha kunyamaza, maana ukinyamaza hukosei. Nikawa nakariri noti usiku na kuzisahau asubuhi.

Aliyeniokoa ni mama yangu, na mama hajui kusoma. Jioni tukichambua dengu ananiuliza, "Leo mmesoma hadithi gani? Nisimulie." Namsimulia kwa Kisukuma. Yeye anadaka hapo hapo, "Sasa yule baba alikubali kwa nini? Na yule mama alikuwa wapi?" Jibu sina! Inabidi kesho nirudi kwenye kitabu nikalitafute. Hapo ndipo nilipoanza kusoma Kiingereza nikiwa natafuta kitu. Sikuwa nakariri tena.

Sasa nataka ujue binti yako anabeba nini kwenye begi. Orodha ya vitabu hubadilika mtaala ukibadilika, lakini kwa miaka mingi wanafunzi wetu wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma Three Suitors: One Husband, tamthilia ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni. Ni habari ya Juliette, binti wa sekondari anayerudi nyumbani na kukuta ukoo umeshapokea faranga 100,000 za mahari kutoka kwa mkulima. Anatokea mtumishi wa serikali anatoa 200,000. Yeye mwenyewe hajaulizwa na mtu. Toa faranga, weka ng'ombe. Hiyo si Shinyanga?

Kuna Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone. Olabisi, binti mdogo, mama yake mzazi anataka akeketwe, yeye anakataa, mambo yanafika mahakamani. Kuna Passed Like a Shadow ya Mtanzania mwenzetu Bernard Mapalala, familia inavyomalizwa na UKIMWI. Jamani, haya ndiyo ninayoyahubiri kliniki kila siku! Yamo kwenye begi la mtoto, na mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne umekuwa ukiwauliza habari zake. Lakini wengi wanakariri majina ya wahusika na "mafunzo tunayopata", basi. Binti anaandika kwenye mtihani kwamba Juliette alikuwa na haki ya kuulizwa, na Desemba yeye mwenyewe anaposwa bila kuulizwa. Hajawahi kuambiwa kwamba kile kitabu kinamhusu.

Najua utasema, "Nesi, mimi Kiingereza sijui, nitamsaidiaje?" Sikuombi Kiingereza. Nakuomba haya matatu.

Kwanza, mwambie akusimulie. Mara mbili kwa wiki, mkiwa jikoni, kwa Kiswahili au Kisukuma. Akisema "nimesahau", mwambie kesho akasome tena. Uliza kwa nini, uliza wewe ungefanyaje. Na baba naye akae asikilize, hasa siku ya Juliette.

Pili, usimkataze Kisukuma wala Kiswahili eti ili ajue Kiingereza. Mtoto anayeweza kueleza jambo vizuri kwa lugha yake ana kitu cha kupeleka kwenye Kiingereza. Asiyekuwa na la kusema, atalisema kwa lugha gani? Hata mimi uuguzi nilisomeshwa kwa Kiingereza na mtihani nikafanya kwa Kiingereza, halafu nakuja kukueleza wewe kwa Kisukuma. Kazi yangu ndo hiyo kila siku, kuvusha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Tatu, akianza kusema "naumwa tumbo" kila asubuhi ya shule, usikimbilie dawa tu. Mlete tumpime, ndiyo, ila muulize pia, "Darasani unaelewa?" Kisha nenda ukaongee na mwalimu. Tangu 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne imeondolewa, lakini kuelewa darasani hakuji na barua ya serikali. Hapo panamhitaji mzazi.

Na wewe mama mdogo unayesoma hii huku unanyonyesha, sijakusahau. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shule. Ipo pia njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Yule binti wa juzi nilimwambia hivyo hivyo. Akaniangalia, akasema, "Na Kiingereza je?" Nikamwambia siku ya kliniki ijayo aje na kitabu kimoja, chochote, anisimulie. Akacheka. Tarehe yake nimeiandika kwenye kadi ya mtoto.

Nawe leo jioni anza. Muulize tu, "Mmesoma hadithi gani?" Sehemu ya 7 nitarudi kwenye lishe, tutaongelea uji wa mtoto wa miezi sita.