Sunny na Kipaji Kisichokatwa Wala Kuuzwa



Muhula huu riwaya moja imepita mikononi mwa mafrateri wengi wa falsafa hapa seminarini: Akata Warrior ya Nnedi Okorafor, iliyotoka mwaka 2017. Ni mwendelezo wa Akata Witch ya mwaka 2011. Baadhi ya wenzetu wameuliza kama inatupasa kusoma kitabu kilichojaa juju. Swali ni halali. Katekisimu, namba 2117, inakataa uchawi wa kila aina, hata ule unaofanywa kwa nia ya kuponya, nasi hatupunguzi neno katika fundisho hilo. Ila tunaona kuna swali zito zaidi.

Mhusika mkuu, Sunny Nwazue, ni msichana aliyezaliwa New York na anayeishi Aba, Nigeria. Ana ualbino. Katika kitabu cha kwanza anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye nguvu zisizo za kawaida, na ualbino wake unahusishwa na nguvu hizo.

Hapo msomaji wa Tanzania lazima ashtuke. Tunajua dhana hiyo imefanya nini kwetu. Watu wamekatwa viungo, watoto wameuawa, makaburi yamefukuliwa, kwa sababu mganga alimwambia mteja kwamba katika mwili ule kuna utajiri. Januari 2015 serikali ilifikia hatua ya kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Je, riwaya hii hairudishi sumu ileile?

Baada ya kusoma mwendelezo, tunajibu: hapana. Katika kitabu hiki cha pili Sunny anajua tayari kwamba ana kipaji, na kujua huko hakumtoshi. Inambidi asome kitabu kilichoandikwa kwa Nsibidi, alama za kale za kusini-mashariki mwa Nigeria, na kila kurasa humchosha mwili. Kaka yake Chukwu anapopigwa na genge la chuo kikuu, Sunny anatumia nguvu zake dhidi ya wahusika kinyume cha sheria za jamii yake. Alifanya hivyo kwa upendo, lakini anaadhibiwa kwa kufungiwa chini ya maktaba. Hata fedha za Watu wa Chui, ziitwazo chittim, humwangukia mtu anapojifunza jambo.

Aristotle anatufundisha kutofautisha uwezo uliolala na uwezo uliotimia. Mbegu si mti bado. Sunny alizaliwa na mbegu; mti anaupata kwa kusoma, kukosea, kuadhibiwa na kuanza upya. Mganga anafundisha kinyume chake kabisa: kwamba thamani imo katika kiungo, na kiungo kinaweza kukatwa, kupimwa na kuuzwa bila mwenyewe. Lakini Sunny anapotenganishwa na Anyanwu, uso wake wa kiroho, mateso yake yanaonyesha kwamba mtu hagawanyiki bila kuumizwa. Kipaji chake ni chake akiwa mzima, mwili na roho. Nasi tunaamini hivyo juu ya kila aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Tunakiri kwamba kijana anayeisoma haraka na peke yake anaweza kubaki na dhana mbaya. Kwa hiyo tunashauri isomwe na watu wa kujadiliana naye.

Lakini tusiishie kwenye riwaya. Tunapokwenda parokiani kwa utume, tunamkuta mtoto mwenye ualbino kwenye darasa la katekesi, amekaa nyuma kabisa. Haoni ubao. Tunamwonea huruma, tunamwombea, halafu tunaendelea na somo. Huruma ya namna hiyo inazika talanta ya mtu mwingine ardhini. Tumsogeze mbele, tumwandikie kwa herufi kubwa, tumtafutie kofia pana ya kumkinga na jua, kisha tumuulize swali gumu kama wenzake na kungoja jibu. Tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, mahubiri yatafaa. Jumamosi ijayo, kiti cha mbele kitafaa zaidi.