Simu mpya, chaji haifiki Adhuhuri

Sisi tunaoshona nguo za harusi, simu ndiyo daftari letu: vipimo, picha za mishono, malipo ya wateja. Ikizima mapema, kazi imesimama. Na bibi harusi naye, siku ya hina, anatafutwa na ukoo mzima.

Kwa maoni yetu, tusikimbilie kumlaumu muuzaji, wala tusinyamaze. Siku 2 au 3 za mwanzo simu hula chaji kwa kuwa inapakua programu na kupanga picha. Ile nasaha ya kuichaji kwanza masaa 8 ni ya betri za zamani. Hizi za lithiamu haziihitaji. Punguza mwanga wa skrini, kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, uone programu gani inakula zaidi. Usiichaji chini ya mto wala usiiache juani. Joto huua betri.

Ukiyafanya hayo na bado inazima, irudishe na risiti yako. Usione haya. Dini yetu imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta ndani kimelowa, akamkemea muuzaji. Betri mbovu ndani ya boksi jipya ina tofauti gani?

Na sisi wafanyabiashara tujiangalie pia: kitambaa chenye kasoro tukionyeshe kabla ya kupokea pesa.