Maabara Si Jengo: Mwanafunzi Ameshika Bureti Mara Ngapi?

Leo sikuja na habari za CCM wala Chadema, ingawa najua kwetu hoja yoyote haimalizi dakika kumi kabla haijavishwa kijani au kombati. Nimekuja na habari ya bureti.

Kwa wale walioachana na sayansi kidato cha pili, bureti ni ule mrija mrefu wa kioo wenye alama za mililita na koki kwa chini, unaodondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Mimi nilisoma kemia miaka minne katika shule moja ya kata, nikamaliza kidato cha nne mwaka 2008. Bureti yangu ya kwanza ilikuwa ya chaki. Mwalimu aliichora ubaoni, akachora na koki yake, akasema: "Hapa mtafungua taratibu, rangi ikibadilika mnafunga." Tukaandika, tukakariri. Bureti ya kioo nilikuja kuishika wiki ya mtihani wa moko, kwa zamu, mkono ukitetemeka. Nilifungua koki, asidi ikateremka yote kama bomba la mvua. Zamu yangu ikaishia hapo.

Simlaumu yule mwalimu. Alikuwa mmoja wa vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache na kutawanywa kwenye shule mpya, wale tuliowabatiza "vodafasta". Naye bureti aliijua kwa chaki.

Nilihangaika, nikafika chuo kikuu, nikapata shahada ya uuguzi. Nilipotaka kusajiliwa hapa Uingereza, baraza la wauguzi halikuridhika na cheti changu wala na mtihani wa kompyuta. Nililazimika kufanya OSCE, mtihani wa vitendo ambao msimamizi anasimama pembeni na kutazama mikono yako tu. Nawa, pima, changanya dawa, choma sindano, andika. Hapo ndipo nilipoelewa deni ambalo shule yangu ilinikopesha. Sayansi inakaa mikononi kwanza, mdomoni baadaye. Sisi tulifundishwa kinyume.

MAJENGO TUNAYO

Sasa mtu ataniambia, "Dada, hayo ni ya 2008, siku hizi maabara zipo." Ni kweli, majengo yapo. Novemba 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya serikali iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Mwaka 2014 ukawa mwaka wa michango. Watendaji walipita nyumba kwa nyumba, na mama yangu aliuza debe mbili za mtama kuchangia matofali. Mwaka 2017 serikali ya Magufuli iligawa vifaa vya maabara kwa shule zilizokuwa zimemaliza majengo. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa mradi wa SEQUIP wa kuboresha elimu ya sekondari. Sibezi hata moja kati ya hayo. Penye haki pasemwe.

Lakini mwaka jana binti wa kaka yangu, anayesoma shule ileile niliyosoma mimi, alinipigia simu. "Shangazi, nimeingia kidato cha tatu, nimeacha fizikia na kemia." Nikamuuliza kwa nini, na maabara anayo, tena bibi yake ameijenga kwa mtama. Akacheka. "Shangazi, ile tunafanyia mitihani ya muhula. Ina meza pana."

Jamani! Jengo lina umri wa miaka kumi, lina sinki, lina meza za zege, na mtoto anajua faida yake moja tu: meza pana.

Hoja yangu basi ni hii, na nitaisema bila kuipaka mafuta. Tumefanya maabara kuwa jengo la kuzinduliwa badala ya somo la kila wiki. Jengo linajengwa mara moja na kukatwa utepe. Kemikali zinaisha, testi tyubu zinapasuka, ayodini inakauka, karatasi za litmasi zinaloa. Vitu hivi vinatakiwa kununuliwa kila muhula, mwaka baada ya mwaka, na hakuna kiongozi anayekwenda kuzindua chupa ya ayodini.

Matokeo yake, katika shule nyingi kemikali zinanunuliwa mtihani wa taifa unapokaribia. Baraza la Mitihani linatuma maelekezo ya awali ya vitu vya kuandaa, mkuu wa shule anakimbia dukani, na walimu wanaanza kupiga ramli: ikitajwa chumvi hii, swali litakuwa lile. Watoto wanakaririshwa majedwali, fuwele za bluu ni shaba, za kijani ni chuma. Anayefaulu hajagundua kitu, amebahatisha ramli. Vifaa vinavyobaki vinafungiwa stoo visije vikavunjika. Bureti isiyovunjika kwa miaka kumi si bureti iliyotunzwa, ni bureti isiyotumika!

NA SISI WA UGHAIBUNI TUACHE UNAFIKI

Msifikiri naisema serikali peke yake. Nyani haoni kundule, na mimi ni mmoja wa nyani hao. Mwaka 2018 chama chetu cha Watanzania katika mji ninaoishi kilichanga fedha za kupeleka kontena nyumbani. Nilikuwa mweka hazina. Tulikuwa na hadubini sita zilizostaafishwa na chuo kimoja cha hapa, makasha ya vitabu vya GCSE na kompyuta nzito za zamani. Nauli ya meli na gharama za bandarini zilipita thamani ya mzigo wenyewe, lakini nani alijali? Picha zilipendeza. Tulivaa fulana zenye bendera.

Mwaka uliofuata nilimpigia mwalimu wa baiolojia aliyepokea. Alisita, kisha akasema: "Dada, msije mkaona hatuna shukrani. Balbu za zile hadubini ni za aina yake. Ya kwanza iliungua wiki ya pili, nimezunguka Kariakoo nzima sijapata. Na slaidi zilikuwa hazipo." Nikamuuliza angetaka nini. Hakufikiri hata sekunde. "Ayodini, spiriti, hidrojeni peroksaidi, sindano za plastiki na daftari moja la majaribio yenye vipimo vilivyokwisha kupimwa. Vyote vinapatikana hapahapa."

Vyote vinapatikana hapahapa! Hatukuwa tumemuuliza. Tulimpelekea tulichotaka kukitoa.

VISINGIZIO VITATU

Cha kwanza: hakuna fedha. Za matofali zilipatikana, za nauli ya kontena tulizipata. Tatizo letu ni kupenda matumizi ya mara moja yenye picha na kuchukia matumizi madogo ya kila muhula yasiyo na picha. Hapa Uingereza shule nyingi za sekondari zina fundi wa maabara ambaye kazi yake ni kuandaa majaribio na kuhesabu kilichopungua. Tangu mwaka 1963 kuna chombo kinaitwa CLEAPSS kinachowaelekeza walimu na mafundi hao namna ya kuchanganya, kupima na kujikinga. Mtaala wa GCSE una orodha ya majaribio ambayo mwanafunzi lazima ayafanye. Ni utaratibu wa kila siku unaofanya kazi kimyakimya, wala hauna utepe wa kukata.

Cha pili: kutumia sindano na magadi badala ya vifaa halisi ni elimu ya kimaskini. Anayesema hivi asome historia. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, shule nyingi za Ulaya na Asia zilikuwa magofu. Mwaka 1948 UNESCO ikatoa kijitabu cha mwalimu mmoja wa London, J. P. Stephenson, cha kuwashauri walimu wa sayansi katika nchi zilizoharibiwa na vita namna ya kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyo karibu. Kikapanuliwa, na mwaka 1956 kikatoka kitabu kikubwa cha UNESCO cha walimu wa sayansi, kilichosambaa dunia nzima. Kama haikuwa aibu kwa Mzungu aliyebomolewa shule, kwetu inakuwaje aibu?

Cha tatu: siku hizi kuna video na kompyuta. Nazikubali. Majaribio ya kwenye kompyuta ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, ni ya bure, na ukishayapakua yanafanya kazi bila intaneti. Shule yenye umeme na projekta ifaidi. Lakini kwenye kioo cha kompyuta asidi haikuunguzi, tone halizidi, mkono hautetemeki. Sijaona wodini muuguzi aliyejifunza kuchoma sindano kwa kutazama tu.

HEBU TUONE INAVYOWEZEKANA

Msije mkasema dada huyu analalamika tu. Chukueni masomo matatu, yote kwa vitu vya sokoni na duka la dawa.

1. Kata vipande viwili vya kiazi mviringo vyenye urefu sawa. Kimoja weka kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi kali. Baada ya nusu saa cha kwanza kimekakamaa, cha pili kimelegea kama mlenda. Hiyo ndiyo osmosisi. Mtoto aliyekigusa kile kiazi hatasahau kwa nini dripu ya chumvi ina gramu 9 za chumvi kwa lita, na kwa nini ukimwingizia mgonjwa maji matupu mshipani chembe zake nyekundu za damu zitavimba na kupasuka. Hapo kiazi kimeokoa mtu.

2. Tia kipande kidogo cha ini bichi kwenye hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Povu litafumka. Rudia kwa ini lililochemshwa, povu hakuna. Mtoto ameona kimeng'enya kikifanya kazi, na ameona joto linavyokiua.

3. Chemsha maua ya rozela, maji yake ni kionyeshi kizuri. Yeyusha magadi kwenye maji, pima mililita 10, tia matone ya rozela. Rangi itaelekea kijani. Sasa dondosha maji ya limau kutoka sindano ya plastiki isiyo na ncha mpaka rangi igeuke nyekundu, soma umetumia mililita ngapi. Rudia kwa mililita 20 za magadi, limau litakwenda takriban mara mbili. Hiyo ni taitresheni, ndugu zangu. Haitoshi kwa kila swali la mtihani, na bureti halisi bado inadaiwa, lakini siku mtoto huyu akiishika mkono hautatetemeka kama wangu.

Angalizo la muuguzi: vitu vya mtaani si vyote vya kuchezea. Maji ya betri ni asidi ya salfa, yanaunguza ngozi na kupofua macho. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Ndoo ya maji safi iwe karibu, na aliyerukiwa jichoni aoshwe kwa maji mengi kwa dakika 20 huku akipelekwa hospitali.

NINACHODAI

Kwa serikali: fedha za vitu vinavyokwisha ziwe na fungu lake, lisiloguswa kwa chaki wala posho za vikao, na kila shule yenye maabara iwe na fundi wake. Jengo lisilo na mtu wa kuliandaa ni stoo.

Kwa wazazi na madiwani: mbunge akija kuhesabu maabara alizojenga, msipige makofi haraka. Muulizeni swali moja: MWAKA HUU KILA MWANAFUNZI AMESHIKA BURETI MARA NGAPI? Shule ibandike kwenye ubao wa matangazo orodha ya majaribio yaliyofanywa kila muhula, tarehe na kidato. Kitu hiki hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia, kinahitaji karatasi na gundi.

Kwa sisi wa ughaibuni: tuache kontena. Kemikali hata hazipaswi kupakiwa kiholela, zina Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 na ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Chagueni shule moja, mwombeni mwalimu orodha yake, mnunue Dar es Salaam au Mwanza, kidogo kidogo, kila muhula, bila fulana za bendera. Mimi na wenzangu wanne tumeshaanza na shule yangu. Hatujapiga picha.

Binti wa kaka yangu kemia ameshaiacha, hilo siwezi kulirudisha. Lakini ana mdogo wake anaingia kidato cha kwanza Januari. Huyo nimemwahidi kwamba bureti yake ya kwanza haitakuwa ya chaki.

Atakayekasirika na anijibu kwa hoja, matusi nayapata ya kutosha wodini usiku. Naomba kutoa hoja.

Muuguzi, Uingereza