Mfumo wa dukani ni kama fremu: ulizia funguo ziko kwa nani

Juzi mama mmoja aliniuliza dukani: "Dada, ninunue mfumo wa kompyuta wa kuhesabia mali na madeni, au nibaki na daftari langu?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu kulikuwa na foleni. Leo najibu kwa kirefu, maana swali hilo limenila hela.

Mimi nauza pembejeo Tengeru, siyo mbali na soko. Mbegu, mbolea, dawa za mifugo, dawa za ukungu, na zile za kantangaze wa nyanya. Wateja wangu wanashuka kutoka Nkoaranga, Akheri na Poli, na wengine wanatoka mbali kabisa, Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima Meru. Jumatano na Jumamosi, siku za soko, watu wanajaa mpaka nje. Na aliyewahi kuuza pembejeo anajua, huwezi kuuza taslimu peke yake. Machi na Aprili mkulima hana hela, ana shamba. Anachukua mbegu na mbolea, analipa akivuna, Julai au Agosti. Kwa hiyo mali ya duka langu siyo ile tu iliyopo kwenye rafu. Karibu nusu ipo kwenye majina ya watu.

Majina hayo nilikuwa nayaandika kwenye kauntabuku. Mwanzoni mwa 2023 akaja kijana mmoja, amemaliza chuo, mpole, ana laptopu yake mgongoni. Akaniambia, "Shikamoo mama, nina mfumo utakusaidia." Akanionyesha kwenye tableti: unabonyeza jina la mteja, unaona deni lake, unaona amelipa kiasi gani, na jioni unapata faida ya siku. Nilifurahi, siwadanganyi. Bei ilikuwa 450,000 kuusimika, halafu 25,000 kila mwezi. Tukapatana 400,000 na ile ya mwezi tukasema tutaona.

Hiyo "tutaona" ikumbukeni, nitairudia.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Niligundua kuna dawa nilikuwa nauza kwa hasara bila kujua, kwa sababu bei ya jumla ilipanda na mimi sikupandisha yangu. Daftari lisingeniambia hilo. Kauntabuku nikaliweka juu ya kabati, likaanza kukusanya vumbi. Dalili ya kwanza niliipata Mei 2024, wakati nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, Jumapili ya tarehe 12. Jumatatu nafungua duka, mfumo haufunguki. Mtu anataka kulipa deni, sijui anadaiwa kiasi gani. Nikampigia kijana, akaniambia data zangu hazikai kwenye tableti, zinakaa kwenye seva nje ya nchi. Nikasema sawa. Baada ya siku chache mtandao ukatulia, nikasahau.

Julai 2024, mavuno yameanza, wakulima wameanza kuja na hela. Asubuhi moja nafungua, naona maandishi ya Kiingereza kwamba akaunti imesimamishwa. Napiga simu ya kijana, haipatikani. Siku ya pili haipatikani. Siku ya tatu napata habari kwamba ameajiriwa Dar es Salaam na amebadilisha laini.

Wakulima 63. Jumla ya madeni, kwa kumbukumbu ya kichwa changu, ilikuwa kama 4,870,000. Na mimi nilikuwa nimechukua mzigo kwa mali kauli kwa mtu wa jumla mjini, naye anataka chake.

Sasa hebu fikiria unavyokaa dukani wewe ndiye unayedai, halafu unamuuliza mdaiwa, "Hivi wewe nakudai shilingi ngapi?" Ni aibu ambayo sijui niieleze vipi. Wapo waliosema kweli. Wapo waliotaja nusu, nikaona kabisa machoni, lakini nina nini cha kumbishia? Mmoja aliniambia alishamaliza kulipa mwezi wa sita. Inawezekana ni kweli, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu nilimtazama kama mwizi na labda siyo. Mzee mmoja wa Nkoaranga alifungua mfuko wa koti, akatoa kikaratasi kimekunjwa mara nne, tarehe zote zipo, mfuko mmoja wa mbolea, kilo nne za mbegu, mpaka chupa ya dawa ya mbuzi niliyokuwa nimeisahau kabisa. Akasema, "Mwanangu, mimi huwa naandika." Nilimwitikia tu, sikuwa na neno.

Mpaka Desemba nilikuwa nimekusanya kama 3,600,000. Iliyobaki imepotea.

Miezi yote hiyo nilimsema yule kijana kila mahali. Mpaka siku moja mwaka jana nikakutana naye stendi ndogo, amekuja nyumbani kusalimia. Alinisalimia kwa heshima, hakukimbia. Nikamvaa pale pale. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, ndipo akaniambia, "Mama, nilikuwa na wateja 14. Waliokuwa wanalipa kila mwezi ni watano." Na akaniuliza kwa upole kama nakumbuka mimi nililipa mara ya mwisho lini.

Nilikuwa sijalipa miezi minne.

Si unajua tunavyofanya? Kwanza unalipa, halafu mwezi mmoja biashara mbaya, unasema mwezi ujao nitaunganisha, halafu unajiambia, kwani huu mfumo si nilishaununua? Laki nne nilitoa! Kumbe ile seva analipia yeye kila mwezi, tena kwa dola. Nilipoingia kwenye mfumo mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Julai 2024 ilishapita 2,600, na kuipata yenyewe ilikuwa shida. Kijana hana ajira, analipia seva ya maduka 14 kwa hela ya watu watano. Na bado usiku tunampigia. Mimi mwenyewe niliwahi kumpigia saa tatu usiku kwamba printa inatoa karatasi nyeupe tupu. Akaja asubuhi kutoka Njiro kwa nauli yake. Karatasi ilikuwa imewekwa upande usio sahihi.

Alipopata kazi ya mshahara akaondoka. Wewe ungebaki?

Lakini simsafishi. Alipaswa kutuambia. Ujumbe mmoja tu, "seva inafungwa wiki ijayo, njooni mchukue data zenu", ungeniokoa. Aliniambia alikuwa na nakala, nikachangamka, kumbe ni ya Februari, kabla ya mikopo ya masika. Na zaidi ya hapo, mfumo mzima aliuandika peke yake na ulikuwa kichwani mwake. Nilipokuwa namtafuta nilimwita kijana mwingine aangalie, akaniambia bila neno la siri la mwenzake hawezi kugusa chochote, na hata akilipata ataandika upya, 800,000. Mafundi wa kompyuta wana tabia hii, kila mmoja anakuta kazi ya mwenzake ni takataka. Mafundi ujenzi nao ni hivyo hivyo, ila walau nyumba inabaki imesimama.

Msimamo wangu ni huu, na nimeufikia kwa gharama. Sisi wafanyabiashara wadogo tunanunua mfumo kama tunavyonunua mzani. Mzani unalipa mara moja, unauweka mezani, ni wako mpaka uharibike. Mfumo uko kama fremu. Kuna mwenye nyumba, kuna kodi, na kodi isipolipwa mlango unafungwa na mali yako ikiwa ndani. Hakuna mtu anayechukua fremu Arusha bila kuuliza mwenye nyumba ni nani, kodi ni miezi mingapi, na funguo ziko ngapi. Kwenye mfumo hatuulizi hata moja. Tunauliza tu, "Huwezi kupunguza?"

Kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize kijana data zangu zinakaa wapi, na nani anamlipa huyo anayezitunza. Kama inawezekana, akaunti ya seva ifunguliwe kwa jina lako na barua pepe yako, na neno la siri uwe nalo wewe, liandikwe mahali nyumbani. Halafu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mwambie akuonyeshe mbele ya macho yako jinsi ya kutoa orodha ya madeni na mali kwenda Excel. Asikuambie "inawezekana". Atoe, uione, uifungue kwenye simu yako. Mfumo usioweza kutoa orodha yako, usiuchukue hata kama ni wa bure. Ukishachukua, toa orodha kila Jumamosi jioni, jitumie kwenye barua pepe, na ile ya madeni ichapishe. Karatasi ya kuchapisha ni shilingi mia chache stationari.

Na lipa kodi ya mfumo. Huwezi kumwachia kijana mzigo halafu umlaumu akiutua. Hapa kwetu vijana ni wengi, kuna Chuo cha Uhasibu, kuna Arusha Technical, kuna Nelson Mandela hapa hapa Tengeru. Tunawaita, tunawaambia "tengeneza kwanza tuone", tunawakata bei mpaka mfupa, halafu tunashangaa wakipotea. Andikianeni hata karatasi moja: akitaka kuacha atatoa taarifa ya siku 30 na kukukabidhi data zako. Wa kwangu hatukuandikiana kitu.

Kuna mtu atasema yeye hana mfumo, ana simu tu. Haya, simu yako inafunguliwa na Gmail ya nani? Jirani yangu muuza mitumba alinunua simu mjini, kijana wa dukani akamfungulia Gmail pale pale ili apate WhatsApp haraka. Neno la siri hakuna anayelijua. Mwaka mmoja baadaye simu ikagoma, fundi akaifuta yote, ilipowaka ikadai ile Gmail ya mwanzo. Simu nzima, haina ufa, imekuwa kioo cha kujitazamia. Namba za wateja wake wote zilikuwa humo. Nenda leo kaangalie, na kama hulijui neno la siri, libadilishe wakati simu bado inawaka.

Na wale wenye simu za zamani, WhatsApp ilishaacha kufanya kazi kwenye Android 4. Simu nzuri tu, chaji inakaa siku mbili, lakini mwenye programu ameamua. Hilo hatuna la kufanya zaidi ya kujua kwamba oda za wateja zisikae WhatsApp peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 ilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Na mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, kila mtu anajua hali ilivyokuwa, sina haja ya kusimulia.

Jambo la kodi nalo, kwa ufupi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka utunze kumbukumbu za biashara miaka 5. Haiulizi kama kijana wako alihamia Dar. Risiti za EFD nazo zinafifia, hasa zikikaa juani au kwenye joto, kwa hiyo zipige picha mapema. Zangu za mwaka wa kwanza sasa hivi ni karatasi nyeupe.

Mama aliyeniuliza nilimwambia hivi: nunua mfumo, lakini daftari la madeni usiliache. Nilivyo sasa, kila mkopo unaandikwa mara mbili. Naingiza kwenye tableti, halafu naandika kwenye kauntabuku, mteja anasaini au anaweka dole gumba, na nampa kikaratasi chake. Inachukua dakika moja zaidi, na siku ya soko watu wananung'unika nyuma. Wanung'unike tu. Yule mzee wa Nkoaranga ndiye hanung'uniki, anatoa kalamu yake mwenyewe.

Mfumo nilionao sasa unalipiwa kwa jina langu, 20,000 kila mwezi, na tarehe 5 nalipa kabla ya umeme. Bado una kero zake. Mwezi uliopita walibadilisha sura yake bila kutuambia, kitufe cha madeni nikakitafuta nusu saa, kumbe kimefichwa kwenye vistari vitatu pale juu kona. Na mtandao ukikatika bado unagoma. Natafuta unaofanya kazi bila intaneti halafu unajisawazisha wenyewe mtandao ukirudi. Nimeshaonyeshwa miwili. Wa kwanza ulikuwa mzuri mpaka nilipomwomba kijana anitolee orodha kwenda Excel. Akasema hiyo inakuja baadaye. Nikamwambia basi na mimi nitakuja baadaye.