Pikipiki Yangu si Chuma Chakavu

Nauza pikipiki yangu. Magoti yamechoka, na daktari wa macho amenikataza kuendesha. Ni Honda CG125 niliyoinunua mpya mwaka 1988, kwa mkopo uliokatwa kwenye mshahara wangu wa ualimu. Hadi leo inawaka kwa teke moja.

Wamekuja wanunuzi watano, na wote wameuliza swali moja tu: "Ni ya mwaka gani?" Nikiwajibu, wanacheka. Wa mwisho alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni ofisa. Aliniamkia vizuri, akaizunguka, akagonga tanki kwa kidole, akasema, "Mkuu, hii iuze kwa kilo."

Hakuna hata mmoja aliyeuliza imetunzwaje. Ndugu msomaji, hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ninalo daftari. Kila nilipobadilisha oili niliandika tarehe na kilomita. Kila plagi, kila tairi, kila waya wa klachi umo. Lakini siku hizi kitu kipya ndicho kizuri, na anayetunza cha zamani huitwa bahili.

Hebu tuitazame pikipiki yenyewe. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1976, na walioibuni walizikusudia nchi kama zetu. Walijua kwamba huku pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na oili husahauliwa. Kwa hiyo hawakuweka ndani ya injini ile cheni ya kuendesha vali, ambayo hulegea. Waliweka vijiti vya chuma vya kuzisukuma. Cheni ya nyuma wakaifunika yote isiingie vumbi. Yaani, walitengeneza mashine ya watu wasiotunza! Nilipolielewa hilo niliona aibu, kisha nikakasirika.

Watasema, "Mzee, spea utazipata wapi?" Hoja hiyo haina miguu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani zina injini iliyoigwa kutoka kwa CG hiyo hiyo. Kijana wa bodaboda anayeicheka yangu huenda amekalia mjukuu wake.

Watasema tena kwamba tatizo ni umaskini. La hasha! Mradi mmoja uliwahi kutuletea chuoni pikipiki sita mpya, za kuwafuata wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Baada ya miaka miwili, tano zilikuwa chini ya mwembe, kuku wakitagia juu yake. Ya kwanza kufa iliuawa na chujio la hewa ambalo bei yake haikuzidi soda chache. Tuliandika barua nyingi kuomba pikipiki nyingine. Barua ya kuomba fedha za oili hatukuandika hata moja.

Na mkuu wa chuo hicho alikuwa nani? Alikuwa mimi. Kila asubuhi nilipita mbele ya mwembe ule nikiwa juu ya pikipiki yangu inayong'aa. Yangu niliifungulia daftari. Zile za umma sikuzifungulia. Ofisa huyu anayetaka kuuza kwa kilo alikuwa mwanachuo wakati huo, akiangalia. Somo hilo alilipata kwangu, na alilielewa vizuri.

Ndiyo maana napiga kelele uzeeni. Walimu vijana, msifuate mfano wetu. Fungueni daftari la madawati, la paa, la pampu ya maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumejenga kuta nyingi kwa fedha za kukopa.

Pikipiki bado ipo. Bei yangu haishuki kwa kicheko. Atakayeinunua nitampa na daftari; zimebaki kurasa kumi na moja hazijaandikwa.