Baiskeli Isiyo na Breki ni Elimu Nusu

Mwaka 2006, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, mahakama ililetewa swali ambalo lingestahili zaidi kuulizwa katika chumba cha fizikia: je, miguu ya mpanda baiskeli ni breki? Mshtakiwa alikuwa tarishi wa kupeleka barua na vifurushi kwa baiskeli, aliyekamatwa kwa sababu chombo chake hakikuwa na breki ya mkono. Utetezi wake ulidai kwamba gia yenyewe, ikisaidiwa na misuli ya miguu, ilikuwa breki, kwa kuwa iliweza kulizuia gurudumu la nyuma hata likaburuzika barabarani. Hakimu hakukubaliana na dai hilo.

Hapana shaka hakimu alikuwa na haki, na haki hiyo yaweza kuthibitishwa kwa chaki na ubao katika shule yoyote ya sekondari. Lakini kabla ya kumlaumu kijana apandaye baiskeli ya namna hiyo, ni vema kwanza kumsifu, kwani anakijua chombo chake kuliko watu wengi wanavyovijua vyombo vyao.

Baiskeli ya kawaida ina friwili. Ndani ya gia ya nyuma mna vidole vidogo vya chuma vinavyoshika pale mtu anapokanyaga pedeli, na vinavyoteleza pale anapopumzika. Ndivyo vitoavyo ule mlio mwembamba usikikao baiskeli inaposhuka mlima. Baiskeli ya gia iliyofungwa haina vidole hivyo. Gia yake ya nyuma hukazwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, kisha huzuiwa kwa pete yenye hesi za kinyume ili isilegee. Kwa hiyo, maadamu gurudumu linazunguka, pedeli nazo zinazunguka. Mpandaji hana nafasi ya kupumzisha miguu. Akitaka kupunguza mwendo, huzipinga pedeli kwa nguvu za miguu yake.

Chombo hiki kimetumika sana kwenye viwanja vya mashindano. Mnamo Oktoba 1972, mjini Mexico City, Mbelgiji Eddy Merckx alikwenda kilomita 49.431 kwa saa moja juu ya baiskeli ya gia iliyofungwa. Huko Japani, mashindano ya keirin, yaliyoanzishwa mwaka 1948 katika mji wa Kokura, hutumia baiskeli za aina hiyo, zisizo na breki. Kutoka viwanjani zilichukuliwa na matarishi wa New York na miji mingine mikubwa, ambao walizipenda kwa wepesi wake na kwa uchache wa sehemu za kuharibika. Baadaye, hasa katika miaka ya 2000, vijana wengi wa mijini, kuanzia San Francisco hadi London na Tokyo, walianza kuziunda wenyewe: fremu kuukuu, magurudumu mawili, mnyororo, gia mbili, na jioni kadhaa za kazi ya spana.

Kazi hiyo ya mikono ina hesabu ndani yake. Tuseme gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma ina meno 16. Kila mzunguko mmoja wa pedeli hulizungusha gurudumu mara 3. Ikiwa mzingo wa tairi ni mita 2.1, baiskeli husogea mita 6.3. Anayezungusha pedeli mara 90 kwa dakika huenda mita 567 katika dakika hiyo, yaani karibu kilomita 34 kwa saa. Merckx alitumia meno 52 mbele na 14 nyuma. Kwa mzingo huohuo wa tairi, mwanafunzi atakuta kwamba kila mzunguko ulimpeleka karibu mita 7.8, na kwamba ilimbidi azungushe pedeli zaidi ya mara 100 kila dakika, kwa saa nzima.

Lipo na jambo la kupendeza zaidi. Mpandaji anapozipinga pedeli ghafla, gurudumu la nyuma huburuzika na tairi hulika mahali linapogusa ardhi. Kwa kuwa mtu hutanguliza mguu uleule kila mara, pedeli husimama katika hali ileile. Je, tairi litalika mahali pangapi? Jibu limo katika sehemu ya meno. Sehemu ya 48 kwa 16, ikirahisishwa, huwa 3 kwa 1. Asili ni 1, kwa hiyo tairi hulika mahali pamoja tu na huchakaa upesi. Lakini fundi akibadili gia ya nyuma na kuweka yenye meno 17, sehemu ya 48 kwa 17 hairahisishiki, kwa kuwa 17 ni namba tasa na 48 haigawanyiki kwa 17. Hapo tairi hulika mahali 17 mbalimbali, na maisha yake hurefuka. Vijana wengi wasiokumbuka tena somo la kigawo kikubwa cha shirika wamelirudia wenyewe ili kuokoa fedha za tairi. Mwalimu gani asingelifurahia jambo hilo?

Sifa zinaishia hapo. Kijana huyo amepiga hesabu ya tairi lake lidumu muda gani, lakini hakupiga hesabu ya umbali anaohitaji ili asimame. Amesoma nusu ya chombo chake, na nusu aliyoiacha ndiyo inayogusa uhai wa watu wengine.

Nusu hiyo ni hii. Baiskeli inapopunguza mwendo, mwili wa mpandaji unataka kuendelea mbele, na uzito huhamia gurudumu la mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi. Msuguano hutegemea kani inayoligandamiza tairi juu ya barabara. Kani hiyo ikipungua, na msuguano hupungua. Kwa hiyo anayetegemea gurudumu la nyuma peke yake hujinyang'anya mwenyewe: kadiri anavyozidi kuzuia, ndivyo nguvu ya kuzuia inavyozidi kumponyoka.

Chukua mfano. Magurudumu yameachana mita 1 kutoka mguso hadi mguso. Kitovu cha uzito wa mtu na baiskeli kiko mita 1.1 juu ya ardhi na mita 0.55 nyuma ya mguso wa gurudumu la mbele. Kizigeu cha msuguano ni 0.8, kama kwenye lami kavu. Mwanafunzi akipiga hesabu ya momenti kuhusu mguso wa gurudumu la mbele, atakuta kwamba gurudumu la nyuma peke yake haliwezi kupunguza mwendo kwa zaidi ya mita 2.3 hivi kwa sekunde kwa sekunde. Breki ya mbele, kabla baiskeli haijaanza kubinuka, yaweza kufikia mita 4.9, yaani zaidi ya mara mbili.

Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, anayetumia breki ya mbele barabara atasimama baada ya mita 7 hivi. Anayetegemea miguu na gurudumu la nyuma atahitaji mita 15, na zaidi ikiwa tairi linaburuzika, maana msuguano wa kitu kinachoteleza huwa mdogo kuliko wa kisichoteleza. Tofauti ya mita 8 si ndogo: katikati yake yaweza kuwamo njia nzima ya kuvukia watu kwa miguu.

Hesabu hizi si za ubaoni tu. Mwezi Februari 2016, jijini London, mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na kijana aliyekuwa juu ya baiskeli ya gia iliyofungwa isiyo na breki ya mbele, akafariki dunia. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zilikwisha kudai kwamba baiskeli ya namna hiyo, itumikapo barabarani, iwe na breki ya gurudumu la mbele. Mwaka 2017 kijana huyo aliondolewa shtaka la kuua bila kukusudia, lakini alitiwa hatiani kwa kumdhuru mtu kwa uendeshaji wa ovyo, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1861, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Mume alipoteza mke, na watoto walipoteza mama.

Watetezi wa baiskeli zisizo na breki husema kwamba viwanjani hakuna breki wala hakuna maafa ya namna hiyo. Ni kweli, lakini sababu yake yapasa kuangaliwa. Uwanjani wote huenda upande mmoja, hakuna mtoto anayekimbilia mpira, wala gari linalotokea kichochoroni. Huko breki ndiyo ingekuwa hatari, kwa kuwa anayesimama ghafla huwaangusha walio nyuma yake. Chombo kilichofaa mahali pamoja hakifai kila mahali. Wengine husema kwamba mpandaji hodari huona mbali, akajitayarisha mapema. Uhodari waweza kuufupisha muda wa kuamua, lakini hauwezi kuigeuza kanuni ya msuguano.

Somo hili si la miji ya ng'ambo peke yake. Baiskeli iliyozoeleka Afrika Mashariki ni ile nzito yenye friwili na gia moja, lakini kosa lilelile halikosekani. Ziko baiskeli nyingi ambazo breki ya mbele imekwisha au imeondolewa kabisa, na mwenyewe husimama kwa kukandamiza tairi kwa kiatu. Wako pia wanaoiogopa breki ya mbele wakiamini kwamba itawabinua. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, nayo ni ile mita 4.9 iliyotajwa. Mtu akiikaza kidogo kidogo, akakaza mikono na kurudisha mwili nyuma, kitovu cha uzito hurudi nyuma pia, na baiskeli haibinuki upesi. Penye mchanga au matope msuguano hupungua, kwa hiyo dawa ya hapo ni kupunguza mwendo mapema.

Kwa sababu hiyo ingefaa sana baiskeli iingie darasani. Si lazima shule iwe na maabara ya kifahari. Baiskeli ya mwalimu iliyoegemezwa ukutani yatosha. Igeuzwe juu chini, meno yahesabiwe, mzingo wa tairi upimwe kwa uzi. Kisha uwanjani, mahali tambarare na kwa mwendo wa polepole, mstari upigwe kwa chokaa, na wanafunzi wapime umbali wa kusimama kwa breki ya nyuma peke yake, halafu kwa breki zote mbili. Tofauti watakayoiona kwa macho hawataisahau kama wasahauvyo fomula iliyonakiliwa tu daftarini.

Kijana anayeunda baiskeli kwa mikono yake anastahili heshima, na gia iliyofungwa si kosa. Kosa ni kudhani kwamba usahili wa chombo ni kukiondolea kila kitu kinachoweza kuondolewa. Waya mmoja, mpini mmoja na vipande viwili vya mpira haviharibu uzuri wa baiskeli. Vinaikamilisha hesabu ambayo mwenyewe aliianza.