Kodi ya Majengo Haimwachi Mpangaji

"Wapendwa, hilo la kodi ya shule tuwaachie wenye nyumba."

Ndivyo alivyosema mhubiri mmoja wa ibada ya Kiswahili jijini Columbus, Ohio, baada ya kutumia sehemu kubwa ya mahubiri kueleza muumini apige kura gani kuhusu utoaji mimba. Ilikuwa kuelekea uchaguzi wa tarehe 7 Novemba 2023. Wapiga kura wa jimbo zima walikuwa wanaamua suala la utoaji mimba na suala la bangi, na wale wa Columbus walikuwa na la tatu: tozo mpya ya kodi ya majengo kwa ajili ya shule za jiji. Kwa yale mawili mhubiri alikuwa na aya za Biblia. Kwa la tatu alikuwa na sentensi moja tu, na sentensi yenyewe ni ya uongo.

Hakuitunga yeye. Inasemwa saluni wakati wa kusuka, inasemwa ndani ya gari la kuchangia mafuta kwenda zamu ya usiku ghalani, inasemwa kwenye sherehe za mahafali ambako watu wamekaa mbele ya sambusa na soda wakipongeza watoto waliosomeshwa na tozo hizohizo. Mwenye nyumba ndiye anayelipa kodi, kwa hiyo mpangaji hayamhusu. Mgeni kutoka Goma au Mombasa husikia hekima hii kabla hata hajapata leseni ya udereva, naye huipokeza mgeni anayemfuata.

Basi hesabu ifanywe hapa, polepole, kwa faida ya wote waliokuwa ibadani. Ohio haitozi kodi thamani yote ya nyumba. Hutoza asilimia 35 ya thamani ya soko, na kiwango hupimwa kwa mil, yaani dola 1 kwa kila dola 1,000 za hiyo thamani inayotozwa. Tozo ya Columbus ilikuwa ya mil 7.7 kwa kiwango chake kamili. Nyumba ya dola 200,000 inahesabiwa kama dola 70,000, na mil 7.7 juu yake ni dola 539 kwa mwaka. Hiyo ni karibu dola 45 kwa mwezi. Nani anazitoa? Mwenye nyumba anayepangisha hafanyi sadaka. Ana mkopo wa benki, ana bima, ana fundi wa paa, ana kodi ya majengo, na vyote anavijumlisha kabla hajaandika kiasi cha pango. Mwaka huu akishindwa kupandisha kwa sababu mkataba unambana, atapandisha mkataba ukiisha. Barua itakayobandikwa mlangoni itamtaja mpangaji kwa jina lake, wala si mhubiri wake.

Tena mpangaji yuko pabaya zaidi. Mzee wa miaka 65 mwenye kipato kidogo anayeishi katika nyumba yake mwenyewe Ohio anaweza kuomba punguzo la kodi ya majengo. Mzee wa umri huohuo na kipato hichohicho anayepanga ghorofa ya tatu hana pa kuomba, maana kwenye makaratasi yeye si mlipakodi. Analipa bila kuandikwa popote, halafu wenzake wanamwambia hahusiki!

Dar es Salaam angalau jambo hili haliwezi kufichwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo Tanzania hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ikianzia shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye 1,500. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Wapangaji walilalamika, wakaambiwa wakamalizane na wenye nyumba, na kila aliyewahi kupanga Tandale au Mbagala anajua mazungumzo hayo huishia wapi. Lakini mpangaji wa Dar haulizwi. Kiwango hupitishwa bungeni Dodoma, yeye anaona makato tu. Mpangaji wa Columbus aliyekwisha kuwa raia anaulizwa kwa karatasi, ndiyo au hapana, na anajibu kwa kulala.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa kwenye mimbari ile. Ohio, jengo linalotumiwa kwa ibada ya umma limesamehewa kodi ya majengo. Hakuna anayeomba msamaha huo ufutwe. Lakini ni ajabu kidogo kusikia ushauri wa kodi kutoka ndani ya nyumba isiyopelekewa bili, huku barabara ya kuifikia, taa za mtaani na gari la zimamoto vikilipiwa na watu walioko kwenye viti, wapangaji wakiwa wengi kati yao.

Wenye shaka kuhusu uzito wa kura hizi wasafiri kidogo hadi Croydon, mji mdogo wa watu wapatao 800 katika jimbo la New Hampshire. Huko bajeti ya shule huamuliwa katika mkutano wa wananchi. Machi 2022 kiongozi mmoja wa mji alisimama akapendekeza bajeti ya dola milioni 1.7 ishushwe hadi dola 800,000. Waliokuwapo walipiga kura: 20 ndiyo, 14 hapana. Watu 34 wakawa wamekata zaidi ya nusu ya fedha za shule kwa niaba ya mji mzima, kihalali kabisa, wakati wengine wako nyumbani kwao wakiamini kuwa mambo ya bajeti yana wenyewe. Mji ukapigwa na butwaa. Ili kurekebisha, sheria ilitaka mkutano maalumu wenye angalau nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa. Waliotaka bajeti ibaki imekatwa waliijua hesabu hiyo, wakahimiza watu wasihudhurie. Mei walikuja watu 379. Bajeti ilirudishwa kwa kura 377 dhidi ya 2.

Kubaki nyumbani hapo kulikuwa mkakati wa upande mmoja. Mhubiri wa Columbus aliutoa bure.

Kuna wanaojiona wajanja zaidi, wanaosema: "Shule hizo ziliomba pesa juzi, leo zinaomba tena, wezi hao." Kati ya hoja zote za kupinga tozo, hii ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayoonyesha kuwa msemaji hajasoma chochote. Mwaka 1976 Ohio ilipitisha sheria inayojulikana kwa namba yake, 920. Sheria hiyo inasema, kwa ufupi, kwamba thamani ya nyumba ikipanda, kiwango cha tozo iliyopigiwa kura kinashushwa ili shule ipate kiasi kilekile cha dola kutoka kwenye majengo yaleyale. Tozo iliyoingiza dola milioni 10 ilipopita, miaka kumi baadaye bado inaingiza karibu hizohizo milioni 10. Dizeli ya mabasi haikusubiri miaka kumi, wala mishahara ya walimu, wala bei ya maziwa ya kantini. Zipo wilaya zilizofika kwenye sakafu ya mil 20 ambako mambo huenda tofauti, lakini kwa nyingine shule inalazimishwa na sheria kurudi kwa wapiga kura na bakuli mkononi kila baada ya miaka michache, kisha inatukanwa kwa kurudi.

Mfumo huu si wa kujivunia, na hakuna anayeutetea hapa. Machi 1997 Mahakama ya Juu ya Ohio, katika kesi ya DeRolph, iliamua kuwa namna jimbo linavyogharimia shule inakiuka katiba, sababu mojawapo ikiwa kuegemea mno kodi ya majengo. Hukumu yenyewe inasomeka kama ripoti ya mgodi: wanafunzi wakivuta vumbi la makaa ya mawe ambalo lilikuwa limetanda juu ya madawati yao asubuhi, bendi ya shule ikifanyia mazoezi katika chumba kilichokuwa stoo ya makaa, kisicho na hewa. Hiyo si karne ya kumi na tisa, ni Marekani ya miaka ya tisini. Mahakama ilirudia kauli yake hadi mwaka 2002, na wabunge wakaendelea na shughuli zao. Bunge ambalo lingekuwa linasikiliza mahakama lingewapunguzia watu hizi kura za kila mara. Halikusikiliza, na kura ndizo zilizobaki.

Wala si shule pekee. Mei 2012, wapiga kura wa Josephine County, Oregon, walikataa tozo ya polisi baada ya fedha za serikali kuu zilizotokana na misitu kukauka. Ofisi ya sherifu ikapunguza askari wake wengi, ikatoa tangazo kwa waathirika wa ukatili wa majumbani ikiwashauri wafikirie kuhamia eneo lenye ulinzi wa kutosha. Tangazo hilo halikutenganisha mwenye hati ya nyumba na mpangaji.

Columbus tozo ilipita, bila msaada wa ibada ile. Lakini wilaya jirani hupeleka zao kila mwaka, na nyingine huanguka. Zikianguka, cha kwanza kukatwa mara nyingi ni basi la sekondari, kwa sababu sheria ya Ohio inazilazimisha wilaya kuwasafirisha watoto wa hadi darasa la nane tu, wale wanaokaa mbali. Baba aliyetoka ghalani saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu, ndiye atakayewasha gari tena kumpeleka kijana shule. Atalalamika sana. Hatakumbuka kwamba Jumanne ile ya Novemba alikuwa na mapumziko.

Asiye raia asiguse karatasi ya kura. Tangu Novemba 2022 katiba ya Ohio inakataza hata serikali za mitaa kumruhusu, na mwenye kadi ya kijani akipiga kura anaweza kupoteza haki ya kuishi nchini. Aliyekwisha kula kiapo cha uraia hana kisingizio hicho. Uandikishaji hufungwa siku 30 kabla ya uchaguzi, kitambulisho chenye picha kinatakiwa mlangoni, na fomu haiulizi kama mtu amepanga au amenunua.